Mche Mmoja, Shimo Moja: Kwaheri ya Kitalu kwa Bi. Truphena Kageha

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1987, Bi. Truphena Kageha anastaafu baada ya kutumikia kitalu chetu cha maua hapa Makongeni kwa miaka kumi na sita. Saba kati ya hiyo alikuwa kibarua, tisa alikuwa mwajiriwa wa kudumu, na yote kumi na sita alikuwa mtu wa kutuuliza, kabla hata ya salamu, kama tumepima. Jarida hili limeniomba niandike habari zake kwa sababu tumekaa meza moja ya kutilia miche udongo tangu mwaka wa 1973. Nimekubali kwa furaha, ingawa najua atanisoma akiwa na rula mkononi.

Wenzetu wa karakana na wa ofisini huuliza kazi yake ilikuwa nini hasa, maana hawakumwona na jembe mara nyingi. Kazi yake ilikuwa kusema idadi. Tuta la maua likishachorwa mahali, lazima mtu aseme ni miche mingapi itakayotakiwa na kila mmoja ukae umbali gani na jirani yake, tena aseme mapema, maana mbegu tunazisia wiki nyingi kabla ya lori kuja. Akikadiria kidogo, tuta linabaki na upara. Akizidisha, ama miche inazeekea visandukuni, ama inashindiliwa tutani mpaka inakosa hewa na kuoza kuanzia chini. Karibu kila tuta la shirika letu mnalopita kati ya Kaloleni na Dandora, idadi yake ilitoka kinywani mwa Bi. Truphena.

Alifika Nairobi mwaka wa 1971 kutoka Maragoli, muda mfupi baada ya kufiwa na mumewe. Aliacha watoto watatu kwa mama yake mzazi, Mama Khavere, na kitinda mimba, Mirriam, alikuwa hajaanza hata kutambaa. Alipanga Mukuru kwa Njenga pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakifanya kazi kiwandani, chumba cha mabati ambacho wote watatu wakigeuka usingizini ilibidi wageuke pamoja. Kuja kazini alitembea, kurudi alitembea. Kibarua wakati ule aliandikwa asubuhi na kuachishwa jioni, na kesho yake ilikuwa ni majaliwa.

Alichokitaka hakukificha. Shirika lilikuwa na vyumba vyake Kaloleni, vya matofali, vyenye madirisha, lakini vilikuwa vya walioajiriwa kwa kudumu peke yao. Ajira ya kudumu maana yake chumba, na chumba maana yake watoto. Alilisema jambo hilo mara nyingi hadi sisi wenyewe tukazoea kusema "chumba cha Mama Javan", kwa jina la kifungua mimba wake, kana kwamba mahali fulani Kaloleni kulikuwa na mlango uliofungwa unaomngoja. Sote tulikuwa tukimwita hivyo, Mama Javan, na mpaka leo hii ukimwita Bi. Kageha hapa kitaluni atageuka kutazama nani amekuja.

Hesabu ya nafasi alifundishwa na Bwana Muturi, aliyekuwa mkuu wa kitalu siku hizo na ambaye naye sasa amestaafu. Bwana Muturi alimwambia aanze na ukubwa wa mmea ukishakomaa, ukubwa wa tuta ungefuata baadaye. Salvia ikikomaa hutanda kama sentimita thelathini, kwa hiyo kutoka shina hadi shina ni thelathini. Kana, ua lenye majani mapana kama ya mgomba, hutaka karibu mara mbili ya hapo. Ukishajua hilo, unagawa urefu wa tuta kwa nafasi hiyo upate miche ya safu moja, unagawa upana upate idadi ya safu, unazidisha, halafu unaongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya ile itakayokufa njiani. Ukingoni unaacha nusu ya nafasi, majani yasije yakamwagikia wapita njia.

Bi. Truphena aliyashika hayo yote upesi, kisha akaongeza ya kwake. Alitengeneza kamba za mkonge zenye mafundo, kila mmea na kamba yake, akazitundika ukutani kwenye misumari. Fundo likigusa udongo, hapo ndipo shimo, hakuna mjadala. Kamba ya salvia ikikutwa kwenye msumari wa kana, siku hiyo hatukunywa chai kwa amani. Kwa matuta ya mviringo alifundishwa achukue nusu ya upana, aizidishe kwa yenyewe, kisha azidishe kwa tatu na kidogo. Hiyo "kidogo" ilimletea mabishano na Bwana Muturi kwa miaka, maana Bi. Truphena alitaka aambiwe ni kidogo kiasi gani.

Msidhani nawachorea mtu mnyenyekevu. Alijua kwamba anajua, na akipata jibu alilitangaza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye banda la mbolea. Kosa la hesabu hakulikubali hata mara moja. Ukimwambia miche imepungua, alikuuliza ni nani aliyeikanyaga. Ngigi, nyapara wa kikosi cha vibarua wa kupanda, alipomwoza binti yake katika ukumbi wa Kaloleni mwaka wa 1974, tulimpa Bi. Truphena kazi ya kupanga viti. Akapima mabega, akagawa, akazidisha, viti vikaenea ukumbini vizuri ajabu. Alichosahau ni magoti. Shangazi za bibi harusi waliotoka Murang'a walikaa upande upande ibada nzima, mikoba kifuani. Mpaka leo anasema hesabu ilikuwa sawa, ila hakuelezwa vizuri habari za hao shangazi.

Miaka hii ya karibuni wengi wamemjua kwa ajili ya sukuma wiki. Wakazi wapya wa Dandora walipoanza kujijengea, walitujia kutafuta miche ya kupanda nyuma ya jikoni, na Bi. Truphena hakumpa mtu mche kabla hajaambiwa urefu wa kiwanja, upana wake, na idadi ya walaji. Mama mmoja alitaka miche mia kwa kipande ambacho kwa hesabu kilitosha ishirini na minne. Akanyimwa, akanuna, akaenda kuichukua kwingine. Baada ya miezi miwili alirudi ameshika jani la ukubwa wa kijiko cha chai, akaomba aelezwe upya. Alielezwa kwa muda mrefu sana, nami niliyekuwa karibu nilielezwa pia bila kuomba.

Kuna jambo moja la mwaka wa 1975 ambalo wengi hapa wanalijua nusu tu. Nimeombwa niliandike lote.

Mwaka huo nafasi moja ya ajira ya kudumu ilifunguka kitaluni. Bwana Muturi alimtaka Bi. Truphena, lakini wakubwa wa shirika walitaka kwanza waone kazi yake. Zahanati mpya ilikuwa ifunguliwe Kaloleni, wageni wangekuja, na mbele ya mlango palihitajika tuta la salvia nyekundu. Tuta likipendeza siku ya ufunguzi, jina la Bi. Truphena lingepelekwa kwa ajira hiyo. Tuta lilikuwa mita kumi na mbili kwa tatu. Miche arobaini kwa safu, safu kumi, jumla mia nne. Ongeza sehemu ya kumi, mia nne na arobaini. Tulisia, tukapunguzia, tukahamishia visandukuni, na mimi mwenyewe niliisaidia kuipakia. Haikupungua hata mmoja.

Hapo ilikuwa imepita Krismasi ambayo Bi. Truphena alikuwa amekwenda kwao kuwaona watoto. Mirriam alikuwa sasa anazungumza vizuri. Bibi yake, Mama Khavere, ndiye aliyekuwa akimwita Mama. Huyu mgeni aliyeleta mkate na nguo mpya alimwita Truphena, kama alivyosikia watu wazima wa boma wakimwita. Bi. Truphena alitusimulia hayo mezani akicheka, lakini kicheko kilimwishia kabla ya hadithi kwisha. Kitalu kizima kinamwita mama wa mtu, na mtoto wake mwenyewe anamwita kwa jina. Kuanzia siku hiyo hatukumtania tena juu ya chumba.

Kikosi cha Ngigi kiliondoka na lori alfajiri, siku moja kabla ya ufunguzi, ili miche ipandwe kabla jua halijawa kali. Bi. Truphena alibaki kitaluni kumaliza kazi nyingine, awafuate baadaye. Hao vibarua wote walikuwa watoto wa wakulima, wengine wa Murang'a, wengine wa Magharibi, na wote walijua tuta lile lilikuwa na maana gani kwake. Sasa, kwao huwezi kutia mbegu moja ya mahindi katika shimo. Unatia mbili, au tatu, kwa sababu moja ni ya panya. Wakashauriana hapo hapo, kwa upendo kabisa, kwamba mche mmoja ukifa usiku pataonekana pengo, na pengo likionekana Mama Javan atakosa chumba. Wakaamua kutia miche miwili kila shimo, wakiibana vizuri ionekane mmoja.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mia nne na arobaini ilikuwa ya mashimo mia nne. Ngigi anasema walianza kutazamana kwenye safu ya tano. Ya sita ilipofika katikati, visanduku vilikuwa vitupu, na nusu ya pili ya tuta ilikuwa udongo mtupu na alama za kamba.

Bi. Truphena alifika jua likiwa limeshapanda. Alitazama, akainama, akatenganisha majani ya mche mmoja kwa vidole viwili, akaona mashina mawili. Ngigi anasema kelele alizokuwa akizingoja hazikuja. Alikaa juu ya kisanduku kilichopinduliwa, kisha akainuka na kuwaambia wang'oe mmoja katika kila jozi na kujaza safu zilizobaki. Waling'oa, wakapanda, wakamwagilia maji mpaka mikono ikafa ganzi. Lakini salvia haipendi kuhamishwa mara mbili kwa siku moja, tena chini ya jua lile. Kulipokucha, tuta lote lilikuwa na miche mmoja mmoja, mia nne kamili, nafasi sawasawa, na zaidi ya nusu imelala kama mchicha uliopitishwa maji ya moto.

Bwana Muturi alifika kabla ya wageni. Akauliza kumetokea nini, na ni nani aliyepanda wakati wa jua. Desturi ya siku hizo ilijulikana: kibarua aliyeharibu kazi hakuandikwa tena, na kikosi kilikuwa cha watu wanane wenye familia. Ngigi alifungua mdomo. Bi. Truphena alitangulia.

"Nilikosea nafasi, bwana," alisema. "Nilipiga hesabu vibaya, ikabidi tung'oe tupande upya. Hawa wamefuata kamba yangu."

Bwana Muturi akamuuliza kama ana hakika, kwa sababu hesabu ile alikuwa ameiona yeye mwenyewe. Akamjibu, "Hesabu ni yangu."

Zahanati ilifunguliwa, wageni wakapita kando ya maua yaliyosinzia, na ajira ikaenda kwa mwenzetu Muindi, wa pampu za maji, mtu mwema ambaye hakuna aliyemwonea kijicho. Wiki tatu baadaye tuta lilikuwa limejaa, jekundu toka ukingo hadi ukingo, majani yanagusana kama alivyopanga. Hakuna mkubwa aliyerudi kulitazama.

Kuanzia mwaka huo, Bi. Truphena hakuruhusu kazi ya kupanda ianze kabla hajasimama mbele ya kikosi na kusema, "Maua si mahindi. Mche mmoja, shimo moja." Vibarua wapya walidhani ni mzaha wake. Hapa kitaluni tulijua tu kwamba Mama Javan aliwahi kukosea hesabu mara moja katika maisha yake, tena siku mbaya kuliko zote, na akisemwa juu ya hilo alikuwa akiendelea kutia udongo bila kujibu. Yeye, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite, hilo aliliacha lipite miaka kumi na miwili.

Nilipokuwa nakusanya habari za makala haya, Ngigi alinijia mwenyewe. Akaniambia yote niliyoyaandika hapo juu, akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Sisi tulidhani tunamsaidia," alisema. "Alitukinga watu wanane, na hakuna siku ametukumbusha. Wewe andika kabla hajaenda."

Nilikwenda kwa Bwana Muturi nyumbani kwake kumpa habari. Alisema siku ile alishangaa, maana Bi. Truphena alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe, na mtu huyo hangekosea mia nne. Akaomba nimpelekee mwanafunzi wake salamu na pole. Kisha nikamwendea Bi. Truphena mwenyewe kuomba ruhusa. Alifikiri, akasema niandike ila nisiwachafulie jina, kwa kuwa walikuwa na nia njema, na kama naandika basi nihakikishe tarakimu ni sahihi. Kwa hiyo jarida hili linasahihisha rasmi: hesabu ya tuta la zahanati ya Kaloleni, mwaka wa 1975, ilikuwa sahihi.

Ajira ya kudumu aliipata mwaka wa 1978, nafasi nyingine ilipofunguka, na chumba pamoja nayo. Kwa shirika letu ameacha kamba zake ukutani, vijana wengi wanaojua kupima kabla ya kuchimba, na kitalu ambacho kwa miaka tisa hakijatupa miche kwa sababu ya kukadiria ovyo. Ametufundisha, ametukaripia, ametuletea ndizi kutoka kwao kila Januari. Tunamshukuru kwa yote, hata kwa makaripio, ambayo naona yatakosekana kuliko ndizi. Anarudi Maragoli kwenye shamba lake, na nina habari za kuaminika kwamba limekwisha kupimwa.

Nataka nimalizie na Jumamosi moja ya mwaka wa 1979. Watoto walikuwa wamehamia Kaloleni, na Mirriam alikuwa amekaa na mama yake miezi mingi. Alikuwa mtoto mpole, mwenye heshima, aliyesaidia kazi zote za nyumba, na aliyeendelea kumwita mama yake Truphena. Bi. Truphena hakumlazimisha. Alituambia mtoto hawezi kupangiwa hilo, na kwa kuwa ni yeye aliyesema, mtu wa kupanga kila kitu, tulielewa lilivyomuuma.

Siku hiyo tulikuwa wanawake saba mezani, kila mmoja na visanduku vyake, yeye akihesabu miche ya petunia kwa sauti ya chini. Mtoto akaita kutoka langoni, "Mama." Sisi sita tuliinua vichwa, maana kila mmoja wetu alikuwa na watoto mtaani. Yeye peke yake hakuinua. Alikuwa amezoea kwamba sauti hiyo ni ya mtoto wa mwenzake, akaendelea na hesabu yake. Mirriam alipita nyuma yetu sote akikimbia, akamfikia, akamvuta aproni, akamwonyesha jino lililong'oka, likiwa na damu bado kiganjani. Akasema tena, "Mama, limetoka."

Bi. Truphena alitazama lile jino. Hakujua tena alikuwa amefika miche mingapi, na hakumuuliza mtu.

Mama Javan, mama yake Mirriam, kitalu chako kinakuaga kwa heshima na kwa mapenzi. Tunakuombea afya, mvua ya wakati wake, na siku nyingi nzuri karibu na hao wanaokuita Mama.

Waringa, Meza ya Miche